Ghala Limejaa, Mtoto Hakui: Mjadala wa Mahindi na Lishe katika Nyanda za Juu Kusini

Iringa, Njombe, Mbeya, Songwe, Rukwa na Ruvuma ndiyo mikoa inayoilisha Tanzania mahindi. Mvua zake ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, na ukame mkali huko ni wa nadra. Mavuno yakishakauka na kupukuchuliwa, malori hujipanga Makambako, Songea na Sumbawanga kupakia magunia yanayokwenda Dar es Salaam, Dodoma na nje ya mipaka. Katika mikoa hiyohiyo watoto hawarefuki inavyotakiwa. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto wa 2022 ulikuta kwamba 30% ya watoto wa Tanzania wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa. Iringa ilikuwa karibu 57%, na Njombe na Rukwa karibu 50% kila mmoja. Dar es Salaam, jiji linalonunua karibu kila kinacholiwa ndani yake, ilikuwa na mtoto mmoja aliyedumaa katika kila watano au pungufu ya hapo.

Mtoto huhesabiwa kuwa amedumaa pale kimo chake kinapokuwa chini mno ya kiwango cha umri wake. Ufupi wa ukoo hauelezi jambo hili, kwa sababu watoto wa jamii zote duniani, wakilishwa vizuri na wasipougua mara kwa mara, hukua kwa mwendo unaokaribiana hadi umri wa miaka mitano. Kimo ni alama tu inayoonekana kwa macho. Pamoja nacho hupungua ukuaji wa ubongo na kinga ya mwili, na baadaye uwezo wa kujifunza na kufanya kazi. Sehemu kubwa ya hasara hutokea katika siku 1,000 za kwanza, tangu mimba kutungwa hadi mtoto kutimiza miaka miwili, na kinachopotea hapo hakirudishwi kikamilifu hata mlo ukiboreka baadaye.

Juu ya jambo hili kuna pande tatu zinazosikika wizarani, bungeni na kwenye warsha, na upande wa nne unaosikika mara chache. Hapa zinaitwa upande wa ghala, upande wa soko, upande wa lishe, na mkulima. Maneno yaliyowekwa vinywani mwao ni muhtasari wa hoja zinazotolewa, wala si kauli za mtu mmoja anayejulikana kwa jina.

Upande wa ghala huanza na historia, na una haki ya kufanya hivyo.

"Nchi isiyo na nafaka yake hupangiwa bei na wengine. Ukame wa mwaka 1973 hadi 1975 uliilazimisha Tanzania kuagiza nafaka kwa wingi wakati uleule bei ya mafuta duniani ilipokuwa imepanda, na akiba ya fedha za kigeni ikaisha. Ndipo ikaja kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona, na Shirika la Taifa la Usagishaji likaanza kununua mahindi kwa bei moja nchi nzima. Mkulima wa Sumbawanga, aliye zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Dar es Salaam, akalipwa sawa na wa jirani na jiji. Gharama ya usafiri ikabebwa na serikali. Reli ya TAZARA ikakamilika katikati ya miaka ya 1970, kituo cha utafiti cha Uyole kikatoa mbegu zinazofaa baridi ya nyanda za juu, mbolea ikauzwa kwa ruzuku. Nyanda za Juu Kusini zilifanywa ghala la taifa kwa sera. Hazikuzaliwa hivyo.

"Mwaka 2022 bei ya mbolea ilipanda duniani kote baada ya vita vya Ukraine kuanza. Mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya kupandia ya DAP ukapita shilingi 130,000. Bila hatua, wakulima wangepanda bila mbolea ya kupandia na kukosa ya kukuzia, na bei ya unga mijini ingepanda mwaka uliofuata. Agosti mwaka huo, kwenye maonyesho ya wakulima ya Nanenane, Mbeya, ruzuku ilizinduliwa na mfuko ukashuka hadi shilingi 70,000. Malawi ilifanya vivyo hivyo tangu 2005, baada ya njaa iliyoifanya iishi kwa msaada, na ndani ya miaka miwili ikawa inauza mahindi Zimbabwe. Kwanza watu washibe. Mambo ya mboga na mayai yana nafasi yake baadaye."

Hoja hii ina uzito kuliko wanavyoikiri wapinzani wake. Uhaba wa nafaka huua haraka, na huanza na maskini. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, ulioanza kazi 2008, umefungua maghala na vihenge vyake mara nyingi kupeleka mahindi kwenye wilaya zilizokumbwa na ukame, na hakuna mtu mwenye nia njema anayetaka ufungwe. Lakini mfano wa Malawi una upande wa pili ambao mtetezi wa ghala huupita haraka. Miaka mitano baada ya ruzuku kuanza, mwaka 2010, watoto wa Malawi waliodumaa walikuwa bado 47%. Idadi hiyo ilishuka hadi 37% katika utafiti wa 2015-16, nchi ikiwa imepita misimu mizuri na mibaya ya mahindi. India, yenye maghala ya serikali yaliyojaa ngano na mchele tangu Mapinduzi ya Kijani, ilikuta 35.5% katika utafiti wake wa 2019-21. Ghala linazuia njaa kali, lakini urefu wa mtoto umelipita uwezo.

Upande wa soko hauna ugomvi na mavuno. Ugomvi wake ni na mkono unaofunga mpaka.

"Ndugu zetu wa ghala humwambia mkulima azalishe, naye akizalisha humkataza kuuza. Juni 2017 usafirishaji wa mahindi nje ya nchi ulipigwa marufuku. Mavuno yakawa mazuri, wanunuzi kutoka Kenya wakaondoka, bei ikaanguka hadi pale ambapo gunia halikurudisha gharama ya mbolea. Marufuku za namna hiyo zilikuwepo pia miaka ya nyuma, zikiwekwa na kuondolewa bila mkulima kujua mapema. Mfanyabiashara asiyejua kama mpaka wa Namanga au Tunduma utakuwa wazi mwezi ujao hajengi ghala, hanunui lori la pili, wala haingii mkataba na kijiji. Hasara hiyo yote hulipwa na mwenye jembe.

"Mwanauchumi Amartya Sen alionyesha katika kitabu chake cha 1981 kwamba njaa ya Bengal ya 1943 iliua mamilioni ilhali chakula hakikuwa kimepungua kwa kiasi kikubwa. Kilichopungua ni uwezo wa maskini kukipata. Fikra hiyo ni ya kweli pia kwa lishe. Mwenye fedha hununua dagaa, maharage, mafuta na maziwa. Mwenye mahindi yasiyo na soko hula mahindi. Mwacheni auze anapotaka, Nairobi au Lubumbashi, na mlo wake utabadilika wenyewe."

Hapa pia kuna ukweli mwingi, na jambo moja halina budi kusemwa wazi: marufuku ya kuuza nje ni kodi isiyoandikwa, na walipaji wake ni wakulima walio miongoni mwa watu maskini wa nchi. Inamnufaisha mlaji wa mjini, ambaye mtoto wake, kwa takwimu za hapo juu, ana hali bora kuliko mtoto wa aliyelima. Ni vigumu kuitetea kwa jina la usalama wa chakula.

Hata hivyo soko nalo lina milango inayofungwa na wengine. Machi 2021 Kenya ilisimamisha uingizaji wa mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, kisha ikaruhusu kwa masharti ya vyeti. Kero hiyo ilionekana ya kibiashara, lakini chanzo chake ni cha kiafya. Sumukuvu inatokana na ukungu unaoota kwenye mahindi yaliyovunwa mabichi au kuhifadhiwa na unyevu. Mwaka 2004 iliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Mwaka 2016 ikaua watu wapatao 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mahindi yanayokataliwa mpakani hayatupwi. Hurudi nyumbani, na huko hakuna anayeyapima kabla hayajaingia mashineni.

Upande wa lishe husikiliza yote haya kisha huuliza mtoto wa miezi minane alikula nini jana.

"Alikula uji. Asubuhi uji, mchana ugali uliolainishwa kwa mchuzi wa mboga ya wazazi, jioni tena ugali. Uji ule ni wa unga wa sembe, yaani mahindi yaliyokobolewa, na pamoja na pumba kiini nacho kimeondoka, kilichokuwa na mafuta, madini na sehemu ya vitamini. Protini ya mahindi ina upungufu wa laisini na triptofani, ambazo mwili hauwezi kuzitengeneza. Maharage yangefidia laisini, lakini maharage yameuzwa. Utafiti wa 2015-16 ulikuta kwamba ni 9% tu ya watoto wa Tanzania wa miezi 6 hadi 23 waliopata mlo wa kiwango cha chini kinachokubalika, kwa aina na kwa idadi ya mara. Zaidi ya nusu ya watoto chini ya miaka mitano walikuwa na upungufu wa damu. Hili halitibiwi kwa kuongeza gunia la kumi na moja kwenye kaya iliyokwisha kuvuna kumi."

Suala la uji linastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu humo ndimo sera nzima huishia. Unga wa mahindi ukichemshwa hunywa maji na kuvimba. Ukiwekwa unga wa kutosha, uji huwa mzito kiasi kwamba mtoto asiye na meno hawezi kuumeza, na mama huongeza maji hadi ushuke vizuri kwenye kikombe. Tumbo la mtoto wa umri huo ni dogo. Hushiba kwa kikombe, na kikombe kile ni maji kwa sehemu kubwa. Angehitaji kunyweshwa mara nyingi kwa siku ili kufikia nishati anayohitaji, na mama yupo shambani. Katika miaka ya 1980 watafiti nchini Tanzania walionyesha njia rahisi ya kutoka hapo. Kijiko kimoja cha unga wa kimea, yaani ulezi au mtama ulioloweshwa, ukachipua, ukakaushwa na kusagwa, kikikorogwa kwenye uji mzito huufanya mwepesi ndani ya dakika chache bila kuongezwa maji. Mtoto hunywa kikombe kilekile kikiwa na unga mwingi zaidi. Kimea si kigeni kwa wanawake wa nyanda za juu. Ndicho wanachokitumia kwenye pombe za kienyeji. Maarifa yako kijijini, malighafi iko kijijini, na bado njia hii haikuenea. Ulezi wenyewe, uliokuwa nafaka kuu ya sehemu nyingi za Ufipa kabla ya mahindi na wenye kalsiamu nyingi kuyazidi kwa mbali, umesukumwa pembeni na zao lililopewa mbegu, mbolea na mnunuzi wa serikali.

Upande wa ghala hujibu hapa kwamba hakuna aliyemkataza mtu kulima ulezi. Jibu hilo ni sahihi kisheria na halitoshi kiuchumi. Mkulima aliyepewa ruzuku kwenye zao moja, na anayejua kwamba zao hilo ndilo kituo cha serikali kitakalolinunua, amekwisha kuonyeshwa la kulima.

Upande wa lishe una historia yake pia, na ni ya Iringa. Kuanzia 1983 Serikali ya Tanzania, UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za Italia, ziliendesha mpango wa lishe katika vijiji 168 vya mkoa huo, ambao wakati ule ulijumuisha Njombe, Makete na Ludewa za leo. Watoto walipimwa uzito kijijini kwa siku maalumu, majina ya waliopungua yakasomwa mbele ya kamati ya kijiji, na kamati ikatakiwa kueleza sababu: je, ni kuhara, ni mama kukosa muda, ni kaya kukosa chakula, au baba kuuza kila kitu? Kijiji kikaamua cha kufanya kabla ya kungoja wilaya. Vituo vya kulelea watoto wakati wa kazi za shamba vikaanzishwa. Kati ya 1984 na 1988 watoto wenye uzito pungufu katika vijiji hivyo walishuka kutoka takriban 56% hadi 38%, na hali ya utapiamlo mkali ikashuka zaidi ya hapo kwa uwiano. Mchoro wa UNICEF wa sababu za utapiamlo, uliotolewa 1990 na kutumiwa ulimwenguni kote, ulitokana kwa sehemu kubwa na uzoefu huo. Unaonyesha kwamba chini ya utapiamlo kuna nguzo tatu zinazopaswa kusimama pamoja: chakula ndani ya kaya, matunzo ya mama na mtoto, na huduma ya afya na mazingira safi. Ikianguka moja, zilizobaki mbili hazimwokoi mtoto.

Kwamba mkoa uliofundisha dunia somo hili ndio ulioongoza kwa udumavu mwaka 2022 ni jambo la kuumiza, na lisichukuliwe kama ushahidi kwamba mpango ulishindwa. Ulipima uzito, na uzito hurudi haraka kuliko kimo. Muhimu zaidi, uliisha. Fedha za nje zilipoondoka na bajeti za huduma za jamii kubanwa, upimaji ukabaki kazi ya zahanati peke yake, na kijiji kikaacha kuulizana.

Mkulima, ambaye katika mikoa hii mara nyingi ni mwanamke, anaposema, huzungumzia kalenda.

"Desemba hadi Februari ni palizi. Ndiyo miezi chakula cha ndani kinapopungua, mvua inanyesha, watoto wanaharisha, nasi tunatoka asubuhi na kurudi jioni. Mtoto mchanga hubebwa mgongoni. Aliyeachishwa ziwa hubaki na dada yake wa miaka saba, na dada yake atampa alichoachiwa. Mkitaka kujua kwa nini hali mara tano kwa siku, msiulize kama mama anajua. Anajua. Kliniki wamemwambia. Ulizeni nani anapalilia badala yake.

"Maharage, mayai na maziwa ndivyo vinavyopata mnunuzi wa haraka. Ada na sare, nauli ya hospitali, vyote hutoka humo. Mahindi ni ya mwisho wa msimu na mara nyingi mwenye kauli juu ya fedha zake ni baba. Mlanguzi huja Mei kabla mahindi hayajakauka, kwa bei yake, na gunia lake ni la lumbesa, lililojazwa kupita kipimo. Bei nzuri hufika Januari, wakati sisi tumekwisha kuwa wanunuzi.

"Na vinyungu, bustani zetu za bondeni, mmetunyang'anya. Bondeni ndimo tulimokuwa tunapata mboga, njegere, maharage mabichi na mahindi ya kuchoma wakati wa kiangazi. Sasa tunaambiwa ni chanzo cha maji, tukae mbali mita sitini."

Malalamiko hayo ya mwisho yana msingi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au chanzo cha maji, na sehemu ya maji ya nyanda hizi ndiyo inayokwenda Ruaha Mkuu, Kilombero na hatimaye Rufiji, kwenye mabwawa ya umeme na mashamba ya mpunga. Kulinda vyanzo ni lazima. Lakini kinyungu kilikuwa bustani ya lishe ya kaya, iliyozalisha katika miezi ambayo shamba la mlimani limelala, na mara nyingi mwenye kauli juu yake alikuwa mama. Kilipofungwa kwa jina la mazingira, hakuna wizara iliyohesabu ilikuwa ikilisha watoto wangapi. Hivi ndivyo sera inavyoweza kuwa sahihi katika idara moja na kuumiza katika nyingine.

Upande wa soko huona njia ya kutoka katika mazao ya biashara. Njombe imepanda parachichi kwa kasi katika miaka ya karibuni, na wakulima wengi wamejenga nyumba kwa fedha zake. Kipato kikiongezeka, hoja inasema, lishe hufuata. Upande wa lishe hukubali nusu. Utafiti katika nchi nyingi umeonyesha kwamba kipato cha kaya kinapopanda udumavu hushuka, ila polepole, na hushuka upesi zaidi pale mama anapokuwa na sauti juu ya matumizi. Aidha, mti wa kudumu hauna nafasi ya maharage chini yake ukishafunga kivuli, na kaya iliyobadili shamba lote inategemea gulio lililo jirani liwe na dagaa na mboga kila wiki. Kwenye kata yenye barabara nzuri, soko hilo lipo. Kwenye kata ambayo lori huifikia kwa miezi minane ya mwaka, fedha huweza kuwepo na dagaa wasiwepo.

Kuna jambo lingine ambalo mabishano haya huliachia nafasi ndogo, nalo ni maradhi. Mtoto anayeharisha mara kwa mara hawezi kutumia hata mlo mzuri, na utumbo unaoshambuliwa na vijidudu vya uchafu kila siku hupoteza uwezo wa kufyonza virutubishi hata pasipo kuhara. Njombe iliongoza nchini kwa maambukizi ya VVU katika utafiti wa 2016-17, kwa 11.4% ya watu wazima. Mama mgonjwa huweza kujifungua mtoto mwenye uzito mdogo, na mtoto wa hivyo huanza safari akiwa nyuma. Yeyote anayetaka kueleza udumavu wa nyanda za juu kwa mahindi peke yake anaacha sehemu kubwa ya habari.

Brazil ndiyo nchi inayotajwa na kila upande, kila mmoja kwa sababu yake. Mwaka 1974-75 watoto wake waliodumaa walikuwa 37%. Mwaka 2006-07 walikuwa 7%. Upande wa soko unaona humo ukuaji wa kipato cha maskini. Upande wa lishe unaona elimu ya wanawake, zahanati zilizofika vijijini na vitongoji duni, maji na majitaka. Waliochambua takwimu wamekuta kwamba vyote vilichangia, na elimu ya mama ilikuwa miongoni mwa vilivyochangia zaidi. Upande wa ghala nao una la kujifunza huko: sheria ya 2009 iliagiza kwamba angalau 30% ya fedha za serikali kuu za chakula cha shule zinunue mazao ya wakulima wadogo. Mnunuzi wa umma alibaki. Kilichobadilika ni orodha ya vitu anavyonunua, ikawa na mboga, matunda, maharage na maziwa.

Hapo ndipo pande zinapokaribiana kuliko zinavyodhani. Upande wa lishe hauombi NFRA ivunjwe. Unauliza kwa nini ruzuku na ununuzi wa umma visiguse mikunde. Upande wa ghala hujibu kwa hoja za kiufundi zinazostahili heshima: maharage hubunguliwa haraka, hupoteza ubora yakikaa, aina zake ni nyingi, na bei yake hupanda na kushuka kuliko ya mahindi. Kuyaweka miaka miwili kihengeni ni hasara. Upande wa soko huongeza kwamba serikali ikiingia kununua maharage, wafanyabiashara wanaoyanunua sasa watakimbia, kama ilivyotokea kwa mazao mengine. Jibu lenye mantiki ni kutoyahifadhi kabisa: shule za kata zinunue kwa msimu kutoka vyama vya ushirika vya jirani, kwa mzani, mwaka hadi mwaka. Hilo linahitaji fedha za chakula cha shule, ambacho kwa shule nyingi za kutwa bado kinategemea michango ya wazazi walewale.

Kuhusu unga, mgogoro ni mdogo na kazi ni kubwa. Kanuni za 2011 zilianzisha urutubishaji wa lazima wa unga wa ngano na mafuta ya kula yanayotengenezwa viwandani. Lakini kaya ya Ludewa haili unga wa kiwandani. Hubeba debe kwenda mashine ya kijiji, na mashine hizo ni maelfu. Kuzifungia vifaa vya kuchanganya virutubishi kunawezekana, ila mtu lazima alipie virutubishi kila mwezi, mwenye mashine anayepata kidogo kwa kila debe hawezi, na mteja hataongeza bei kwa kitu asichokiona. Hii ni kazi ya ruzuku, kama ilivyo mbolea.

Na ruzuku ni suala la kulinganisha. Tangu 2017/18 halmashauri zimetakiwa kutenga angalau shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano, na wakuu wa mikoa husaini mkataba wa lishe unaowapima kwa utekelezaji wake. Ruzuku ya mfuko mmoja wa DAP ilipoanza 2022 ilikuwa takriban shilingi 60,000, sawa na kiwango hicho kwa watoto 60. Upande wa ghala una haki ya kusema kwamba mfuko ule hulisha watu wengi na kwamba lishe hupata fedha pia kupitia afya, maji na wahisani. Bado pengo ni kubwa mno kuelezwa hivyo. Bajeti ya Wizara ya Kilimo ilipanda kutoka shilingi bilioni 294 mwaka 2021/22 hadi bilioni 954 mwaka uliofuata, hatua iliyongojewa tangu Azimio la Maputo la 2003 lilipozitaka nchi za Afrika zitenge 10% ya bajeti kwa kilimo. Elfu moja ya mtoto ilibaki elfu moja.

Mwisho wa yote, pande hizi hutofautiana juu ya kipimo. Kila mwaka baada ya mavuno Wizara ya Kilimo hutangaza kiwango cha utoshelevu wa chakula. Chini ya 100% ni upungufu, kati ya 100% na 120% ni utoshelevu, juu ya hapo ni ziada. Hesabu hiyo hujumlisha chakula chote kilichozalishwa na kukigawa kwa mahitaji ya watu wote. Ni chombo kizuri cha kuamua kama nchi iagize mahindi au iuze, na hakikutengenezwa kwa kingine. Hakisemi nani alikula, wala alikula nini. Udumavu nao hupimwa kitaifa kila baada ya miaka kadhaa, na matokeo yake hupelekwa Wizara ya Afya, kana kwamba shamba halihusiki.

Upande wa lishe unataka mkoa uliotangazwa kuwa na ziada usome takwimu zote mbili kwenye kikao kimoja, na afisa kilimo atoe maelezo ya kimo cha watoto kama anavyotoa ya tani. Upande wa ghala unaona ni kumtwisha bwana shamba mzigo wa zahanati, bomba la maji na ndoa za watu. Upande wa soko unahofia takwimu mpya kuwa kisingizio kipya cha kufunga mpaka. Mkulima anasema wakija kupima, waje Januari.